Tochi ya simu yangu iliona doa kwa dakika kumi, matibabu yakachukua miezi saba

Wasee, leo siongelei bei ya mahindi mpakani wala makonda wa Busia. Leo naongelea mlango wa kizazi. Najua kidole chako kishaanza kusogea kwenda posti inayofuata. Ngoja kidogo. Na wewe kijana wa kiume unayedhani hii ni stori ya akina mama, wewe ndiye nakuomba usiondoke kabisa.

Mwaka jana mama mdogo wangu, yule anayeuza omena soko la Namboboto, alinipigia simu jioni akaniambia nishuke kutoka Busia nimsindikize kupimwa. Mhudumu wa afya wa jamii, wale wanaotembea boma kwa boma na begi na simu, alikuwa amemwambia kwamba mwanamke akishafika miaka 30 asikae bila kuangaliwa mlango wa kizazi. Mama mdogo ana 41. Hakutaka kwenda peke yake. "Wewe ndiye umesoma," alisema, kana kwamba kusoma kunamfanya mtu asione aibu kuvua nguo mbele ya nesi.

Tulienda dispensari moja ya upande ule, siitaji jina. Tulipofika, stima ilikuwa imepotea. Ile taa yenye shingo ndefu ya kumulikia wagonjwa ilisimama kwa kona haina kazi. Nesi hakubabaika hata kidogo. Alimuuliza mama mdogo kama anaona sawa mimi niingie, akajibu, "Huyu ni mtoto wangu, aingie." Nikaambiwa niwashe tochi ya simu, nisimame nyuma ya bega la nesi.

"Shika hapo hapo. Usitetemeshe mkono."

Nilitetemeka, sidanganyi. Nesi aliingiza kile kifaa cha mdomo wa bata, akachovya pamba kwenye siki, akapaka taratibu, kisha akatuambia tungoje dakika moja. Ndiyo, siki. Si ile chupa ya kibanda cha chipsi haswa, lakini ni ukoo mmoja: asidi ileile, iliyopunguzwa nguvu mpaka asilimia 3 hadi 5. Dakika ikaisha. Kwenye ile nyama ya waridi, upande wa juu, kulikuwa na sehemu moja iliyogeuka nyeupe kama ganda la yai, na mpaka wake unaonekana kabisa.

"Unaona?" nesi akauliza. Nikaona.

Mama mdogo akauliza kutoka kule kichwani, "Mnaona nini?" Hakuna aliyemjibu haraka, na mpaka leo najilaumu kwa ule ukimya.

Kutoka kuingia mlangoni hadi kuona doa zilipita kama dakika kumi. Kutoka siku hiyo hadi doa kutolewa ilipita miezi saba. Posti hii ni kuhusu hiyo miezi saba. Mama mdogo amenikubalia niandike, ila amesema nikitaja jina lake hatanipa omena tena.

Kwanza tuelewane tunaongea kuhusu nini. Kirusi kinaitwa HPV, kirusi cha papiloma. Kina aina zaidi ya 200, na nyingi hazikufanyi kitu. Karibu kila mtu anayefanya mapenzi hukipata wakati fulani, na mara nyingi mwili unakifukuza wenyewe ndani ya mwaka mmoja au miwili bila wewe kujua kilipita. Kwa hivyo kuambiwa una HPV si kuambiwa umekuwa malaya, na pia si ushahidi kwamba bwana wako ametoka nje wiki iliyopita. Kinaweza kukaa kimya miaka. Naomba hii mistari miwili isomwe tena na wale mnaopenda kufukuzana kwa nyumba.

Aina mbili, 16 na 18, ndizo zinazosababisha kama asilimia 70 ya saratani ya mlango wa kizazi duniani. Zilitambuliwa na timu ya Mjerumani Harald zur Hausen mwaka 1983 na 1984, na 2008 akapewa Tuzo ya Nobel kwa kuonyesha kwamba kirusi hiki ndicho mzizi wa saratani hii. Aina nyingine mbili, 6 na 11, ndizo zinazoleta karibu chunjua zote za sehemu za siri, zile wengi wetu tunaita sundosundo. Chunjua zinaaibisha na zinasumbua, lakini aina hizo mbili haziko kwenye lile kundi la hatari la saratani. Doa linalokuja kuwa saratani haliumi, haliwashi, halitoi harufu. Mama mdogo alikuwa anabeba ndoo za omena na doa lake na hakuwa na habari.

Na linaenda polepole. Kwa mwanamke mwenye kinga nzuri, kutoka seli kuharibika mpaka saratani ni miaka 15 hadi 20. Kwa anayeishi na HIV bila dawa inaweza kuwa miaka 5 hadi 10, na kwa jumla hatari ya wanawake wanaoishi na HIV ni kama mara sita ya wengine. Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani linawaambia waanze kupimwa wakiwa na miaka 25. Sisi tumekulia karibu na foleni za malori za Malaba na Busia. HIV tunaijua kwa majina ya majirani.

Sasa hesabu yake inauma hivi: ugonjwa unakupa miaka kumi na zaidi ya kuuzuia, na bado Kenya kila mwaka wanawake zaidi ya 5,000 wanapatikana nao na zaidi ya 3,000 wanakufa. Hao 3,000 walikuwa na muda wa kutosha. Muda ulitumikaje?

Turudi kwa mwanga kidogo, kwa sababu nilipofika nyumbani usiku ule nilitumia bando langu lote kusoma kwa nini siki inageuza nyama kuwa nyeupe. Seli zinazoanza kuharibika zina kiini kikubwa na protini nyingi zimejazana. Siki inazigandisha hizo protini kwa muda, kama vile yai linavyoganda kwenye sufuria. Nyama yenye afya inapitisha mwanga mpaka kwenye damu iliyo chini, ndiyo maana inaonekana waridi. Nyama iliyoganda hairuhusu mwanga upite, inaurudisha wote kwa jicho lako. Unaona nyeupe. Baada ya dakika chache inafifia, kwa hivyo lazima uwe unaangalia wakati huo huo, na uwe na mwanga wa kutosha.

Mtu wa kwanza kuupa mwanga kazi hii vizuri alikuwa daktari Hans Hinselmann wa Hamburg, Ujerumani, mwaka 1925. Alichukua lenzi za kukuza akaziunganisha na taa kali, na hicho ndicho kifaa kinachoitwa kolposkopu mpaka leo. Ukiweka kichujio cha kijani mbele ya taa, mishipa ya damu inaonekana myeusi, na daktari anasoma ilivyojipanga: iliyojikunja na kupotoka ni dalili mbaya. Kifaa hicho ni kizuri. Pia ni ghali na kinahitaji daktari aliyefunzwa. Tochi yangu ya simu ni mjukuu wake maskini, lakini ukoo ni huo huo.

Sitaki mtu aseme naisifu siki kupita kiasi. Ina matatizo. Kidonda cha kawaida au uvimbe unaweza pia kugeuka nyeupe, na nesi aliyechoka saa tisa alasiri haoni sawa na nesi wa saa mbili asubuhi. Kwa mama aliyekoma hedhi, ile sehemu inayotakiwa kuangaliwa hujificha ndani zaidi, tochi haifiki. Ndiyo sababu mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lilisema nchi zianze na kipimo cha kirusi chenyewe, ambacho mwanamke anaweza kujichukulia sampuli mwenyewe na kijiti cha pamba, bila mtu kumwangalia. Akipatikana na kirusi, hapo ndipo mwanga unaingia: kuonyesha kama kuna doa, liko wapi, na kama linaweza kutibiwa palepale. Nakubali kabisa. Kama ningekuwa na pesa ya kaunti ningenunua hivyo vijiti.

Lakini tatizo la mama mdogo halikuwa kuonekana. Alionekana!

Nesi alituambia doa ni dogo, liko nje, na kuna kifaa cha joto kinachoweza kulimaliza. Unakishika kwa mkono kama drili ndogo. Ncha yake inapashwa mpaka karibu nyuzi 100, inagusishwa kwenye doa sekunde 20 hadi 30, mara nyingine zaidi ya mara moja, basi. Unasikia maumivu kama ya siku zako. Unaamka, unavaa, unaenda nyumbani. Nyingine zinatumia betri, kwa hivyo stima ikipotea haikuhusu. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wa kuitumia mwaka 2019. (Nilicheka kidogo nikikumbuka kwamba wazee wetu Wasamia walijulikana kote kwa kuyeyusha chuma cha vilima vya Samia na kufua majembe. Ncha ya chuma iliyopashwa moto si kitu kigeni kwetu.)

Mama mdogo akasema, "Basi nifanyie sasa hivi, niko tayari."

Nesi akasema kifaa hakipo hapo. Akaandika barua.

Barua hiyo ilikuwa ya hospitali kubwa, nayo siitaji. Safari ya kwanza tulipanda boda mpaka Funyula, kisha matatu. Tulifika saa nne. Mtu aliyefunzwa alikuwa ameenda semina, rudini wiki ijayo. Wiki ijayo ilikuwa wiki ya kupanda, na mtu ambaye shamba lake ndilo ghala lake haachi mvua ya kwanza ipite. Safari ya pili, mwezi mmoja na nusu baadaye, mtu aliyefunzwa alikuwepo, lakini pale walikuwa wanatumia njia ya kugandisha kwa baridi kali, ambayo inataka mtungi mkubwa wa gesi, na gesi ilikuwa imeisha. Kila safari ni nauli ya watu wawili, siku mbili bila kuuza, na kuwaeleza watu wa soko umeenda wapi. Mara ya tatu alikataa kwenda. Sikumlaumu. Alisema, "Hawa watu wananichezea, na mimi sina hata maumivu."

Ilichukua maneno mengi na kilio kimoja cha kukhu ndipo akakubali tena. Mwezi wa saba. Waliangalia na kolposkopu nzuri, taa kali, kioo kikubwa, kila kitu. Doa lilikuwa limekua na kuingia ndani ya mfereji, mahali ambapo joto halitumiki. Ikabidi likatwe kwa kitanzi cha waya chenye umeme. Aliuza mbuzi wawili. Kitu ambacho kingekwisha kwa nusu dakika siku ile ile niliposhika tochi, kikawa upasuaji, kikawa deni, kikawa wiki sita za kukatazwa kubeba ndoo.

Na yeye ni mwenye bahati, kwa sababu kilichokatwa kilipelekwa maabara, na haikuwa saratani bado.

Nilidhani ni mkosi wetu tu. Kumbe huko Migori, kaunti yenye ziwa na mpaka kama yetu, watafiti wa KEMRI na wenzao wa Marekani walifanya kazi kubwa katika muongo uliopita: waliwaita wanawake wa vijijini wajichukulie sampuli wenyewe. Wanawake walijitokeza kwa maelfu. Hiyo sehemu ilifaulu sana, hasa pale kambi zilipowekwa kijijini badala ya kwenye vituo vya afya. Waliopatikana na kirusi waliambiwa waende hospitali kutibiwa, na chini ya nusu yao ndio waliotibiwa. Rudia kusoma. Hawa ni wanawake waliokubali kupimwa, waliopewa majibu, waliojua. Barabara ndiyo iliyowashinda.

Kwa hivyo mkiniona nakunja uso kila mtu anapokuja na habari za teknolojia mpya ya mwanga, msidhani nachukia teknolojia. Nyingine naipenda kweli. Kule Kilimanjaro, Tanzania, kama miaka kumi iliyopita, manesi walifunzwa kupiga picha ya mlango wa kizazi kwa simu baada ya kupaka siki, wakaituma kwa madaktari bingwa, na jibu likarudi kwa simu hiyo hiyo. Nesi wa kijijini hakubaki peke yake na wasiwasi wake. Hiyo ni matumizi ya simu ninayoweza kumwonyesha mtu yeyote anayesema simu zimetuharibu.

Kisha kuna ile ya kompyuta kujifunza kusoma picha. Mwaka 2019 watafiti wa Taasisi ya Taifa ya Saratani ya Marekani walichapisha kazi yao: walitumia picha za utafiti wa miaka mingi wa wanawake zaidi ya 9,000 wa Guanacaste, Costa Rica, na kompyuta ikatambua hatari vizuri kuliko macho ya watu. Mitandao ikalipuka. Baadaye ikaonekana kwamba programu iliyofundishwa kwa picha za kamera ya aina moja hujikwaa ikipewa picha za kamera nyingine. Zile za Costa Rica zilipigwa kwa filamu, na kamera maalum. Nani anapiga hivyo Samia? Kazi inaendelea, na natumaini itafika. Ila nina swali ambalo kizazi chetu ndicho kinafaa kuliuliza kwa sauti: hizo picha zinakaa kwa simu ya nani? Sisi ndio tunajua picha ya siri inavyotembea. Kenya ina Sheria ya Kulinda Data ya 2019, na picha ya mlango wa kizazi cha mama yako ni data ya afya. Simu ya kazi iwe ya kazi, ifungwe, isiwe ile nesi anaenda nayo nyumbani na watoto wanacheza gemu.

Halafu leza. Hapa ndipo inboksi yangu inajaa, na zaidi ni vijana wa kiume. "Sista, nimeona tangazo, leza inaondoa sundosundo mara moja, haziwezi kurudi." Sikilizeni. Leza ya kweli ipo, hasa ile ya gesi ya kaboni iliyobuniwa na Kumar Patel huko Marekani mwaka 1964. Mwanga wake hata huuoni kwa macho. Maji yaliyo ndani ya nyama yanaunyonya, yanachemka ghafla, na ile nyama inakuwa mvuke. Daktari mzuri anaweza kutoa chunjua au doa kwa usafi wa ajabu. Lakini leza inatoa nyama, haifukuzi kirusi. Kinaweza kubaki kwenye ngozi ya pembeni ambayo bado inaonekana safi, na chunjua zikarudi. Anayekuahidi haziwezi kurudi anakuuzia hewa. Tena moshi unaotoka unaweza kubeba vipande vya kirusi, ndiyo maana hospitali huweka mashine ya kuuvuta na watu huvaa barakoa. Sasa yule msee wa chumba cha nyuma ya kinyozi na kalamu yake ya leza kutoka mtandaoni, ana mashine ya kuvuta moshi?

Mmoja aliniandikia baada ya kupakwa kitu cha kuunguza na mtu wa namna hiyo. Hakutuma picha, nashukuru, ila alivyoeleza kidonda nililala vibaya. Chunjua zinatibiwa kliniki, kwa dawa za kupaka, kwa baridi, kwa umeme, na wale manesi wameziona nyingi kuliko unavyodhani. Hawatakucheka. Na kama wana kucheka, nenda kituo kingine, usiende kwa kinyozi.

Kuna njia nyingine ya mwanga ambayo kusema ukweli ilinifurahisha kama filamu. Unapakwa dawa fulani, seli zilizoharibika zinaigeuza kuwa kitu kinachomeremeta waridi ukiimulika na mwanga wa buluu. Hapo umeziona. Kisha unamulika mwanga mwekundu, na kitu kile kile, kikisaidiwa na oksijeni ya mwili, kinaziua seli kutoka ndani na kuacha jirani zake nzima. Mwanga unaona, mwanga unatibu. Wachina wameitumia sana kwa chunjua, na imejaribiwa kwa madoa ya mlango wa kizazi pia. Wazo la kutibu kwa mwanga ni la zamani: Niels Finsen wa Denmark alipata Nobel mwaka 1903 kwa kutibu kifua kikuu cha ngozi hivyo. Lakini dawa inataka masaa kadhaa ya kungoja, taa maalum, na mara nyingi kurudi tena na tena. Mwanamke wa Namboboto akiambiwa arudi mara tatu, tumeshaona anachofanya.

Msimamo wangu basi ni huu, na najua wengine mtanirukia kwenye komenti. Kaunti yoyote ya huku kwetu ikipata pesa, isianze na mashine ya kukatiwa utepe. Ianze na kile kifaa cha joto cha betri kwenye kila kituo kinachopaka siki, tochi ya kuvaa kichwani, na manesi wawili waliofunzwa, wawili, ili mmoja akienda semina kazi isilale. Kituo ambacho hakina cha kutibia kisijisifu kwamba kinapima. Najua hoja ya upande wa pili: kupima bila kutibu palepale ni bora kuliko kutopima. Nimeifikiria sana. Labda ni kweli kwa wenye nauli. Kwa mama mdogo, safari mbili za bure zilimfunza kwamba hospitali ni mchezo, na karibu somo hilo limuue.

Kila Januari, mwezi wa kampeni ya saratani hii, tunaona mahema, fulana, muziki, wanasiasa na picha. Mkialikwa kama watu wa mitandao, kama nilivyoalikwa mimi, kuleni ile soda lakini mwulize mwenye kipaza sauti swali moja: mama aliyeonekana na doa leo, anatibiwa wapi leo? Mimi niliuliza. Nilijibiwa kwamba kuna mpango. Sijaalikwa tena.

Na tusijidanganye kwamba mwanga wowote unashinda chanjo. Hii inaniuma kama mtoto wa mpakani. Uganda walianza kuwachanja wasichana wa miaka 10 nchi nzima Novemba 2015. Kenya tulianza Oktoba 2019, uzinduzi ukafanyika Mombasa. Binamu yangu wa Busia ya Uganda, mdogo wangu kwa miaka mitatu, alichanjwa shuleni. Mimi, upande huu wa barabara ile ile, nilikuwa nimeshapita umri chanjo ilipofika. Na ilipofika, kulikuwa na kelele: Chama cha Madaktari Wakatoliki cha Kenya kiliipinga hadharani, na vijijini ikasemwa inafunga kizazi. Haifungi. Utafiti uliofanywa hapa hapa Kenya, Kisumu, Thika na Nairobi, kwa wanawake 2,275 wa miaka 15 hadi 20, ulichapishwa 2022 ukaonyesha kwamba dozi moja tu ilikinga kwa zaidi ya asilimia 97 dhidi ya maambukizi ya kudumu ya aina 16 na 18 ndani ya miezi 18. Wasichana wa Kenya ndio walioupa ulimwengu sababu ya kuamini sindano moja. Kama una mdogo wako wa miaka 10, jua ni bure, na umpeleke.

Sisi tulioachwa katikati, wakubwa kwa chanjo ya shule na wadogo kwa kipimo, tuna kazi ya kuwasindikiza mama zetu kwa sasa. Siku zetu zinakuja.

Mama mdogo anarudi kuangaliwa mwezi wa nane, mwaka mmoja baada ya kukatwa. Ile dispensari bado haina kifaa cha joto, niliuliza wiki jana. Nesi ni yule yule. Alinikumbuka, akaniambia stima siku hizi inapotea zaidi ya zamani, kwa hivyo nije na simu imejaa chaji, na kama nina pawabanki nibebe.